Waya wa USB haubebi mlio wa dramu

Juzi kijana wa kwaya hapa Nkuhungu, Dodoma, aliniita akiwa amekata tamaa. Kapiga wimbo mzima kwenye dramu za umeme, waya wa USB umeingia kwenye kompyuta, lakini akisikiliza alichorekodi kinalia kinanda! Alidhani dramu zimeharibika. Hapana, zilikuwa nzima kabisa.

Wengi tunaamini USB hubeba mlio. Kwenye moduli nyingi (kisanduku cha dramu za umeme kinachotoa milio) hubeba MIDI tu, lugha ya vyombo iliyoanza miaka ya 1980: umepiga pedi (kibao cha kupigia) ipi, kwa nguvu kiasi gani kati ya 1 na 127. Mlio unatengenezwa na kompyuta, kwa ala yoyote uliyoichagua kwenye programu. (Zipo moduli zinazopitisha vyote viwili, soma kijitabu chake.)

Ukitaka mlio wa moduli yenyewe, chomeka nyaya mbili za jeki kubwa kwenye matundu ya kutolea sauti, kushoto na kulia, hadi kwenye kadi ya sauti (kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta), kwenye tundu la “line in”. Tundu la maikrofoni la kompyuta liache: linasubiri sauti dhaifu, na kila pigo la sneya (dramu ndogo yenye mlio mkali) litakwaruza. Tulipochomeka nyaya hizo tu, besi ikatoka nene, safi.