Kubana data kwenye bakapu ya mbali: maana yake, na kwa nini si tiba ya kila mkwamo

"Fundi, bakapu imekesha na asubuhi bado haijaisha. Nipandishe kompresheni?" Swali hili nimeulizwa mara nyingi, na kila mara huwa najibu kwa swali jingine: imekwama wapi? Kubana data ni dawa ya ugonjwa mmoja, waya mwembamba. Kuna faida ya pembeni ya kuokoa nafasi kwenye diski. Magonjwa mengine hayaponi kwa kubana, na mengine huzidi.

Bakapu ya mbali ni nakala ya data yako inayokaa kwenye mashine nyingine, jengo jingine, pengine nchi nyingine, ili moto au mwizi akifika ofisini asiondoke na asili na nakala kwa mpigo. Kwenye Linux nakala hiyo kwa kawaida husafiri ndani ya SSH, njia ya siri kati ya kompyuta mbili. SSH ilianzishwa Finland mwaka 1995 na Tatu Ylönen, baada ya mtu kutega mtandao wa chuo chake cha Helsinki na kuvuna maneno ya siri yaliyokuwa yakipita wazi. Programu za bakapu kama rsync na Borg hupanda tu ndani ya gari hilo. Kwa hiyo kunapokuwa na tatizo, jambo la kwanza ni kujua kama ni la gari au la abiria.

Sasa kubana. Waliokulia Shinyanga au Simiyu wanaijua pamba. Ikitoka shambani ni mlima mwepesi. Lori linajaa kabla halijalemewa. Kiwandani inachambuliwa, inashindiliwa kuwa marobota, na lori lilelile linabeba mzigo mkubwa zaidi. Lakini kushindilia kunataka mashine, umeme na muda. Tena ukiupeleka mfuko wa saruji kwenye mashine hiyo hautatoka mdogo, maana ndani yake hakuna hewa ya kutoa.

Hewa ya data ni marudio. Faili la mauzo lenye maneno "DAR ES SALAAM" mara elfu arobaini lina hewa nyingi: programu ya kubana inayaandika mara moja, kisha kila yanaporudi inaweka alama fupi ya kusema "kama pale nyuma". Hifadhidata iliyotolewa kwa maandishi, logi za seva na faili za CSV hubanika vizuri sana. Picha za JPEG, video za MP4 na faili za zip zilishabanwa zilipotengenezwa. Data iliyosimbwa kwa siri nayo haina marudio yanayoonekana. Hizo zote ni saruji.

Hapa ndipo hesabu inapoanza. Tuseme una GB 6 za maandishi matupu, na intaneti ya ofisi inapandisha megabiti 8 kwa sekunde, yaani megabaiti 1. Bila kubana, mzigo huo unahitaji sekunde 6,000, saa 1 na dakika 40. Ukibanwa hadi theluthi, zinabaki dakika 33 hivi. Faida ya wazi. Sasa hamishia kazi hiyohiyo kwenye seva iliyo chumba cha pili, kwa waya wa gigabiti 1 unaopitisha takribani megabaiti 110 kwa sekunde. Mzigo mzima unapita chini ya dakika moja bila kubanwa. Ukiweka hapo xz, programu inayobana sana lakini taratibu, kwenye kiwango cha juu, na prosesa yako ikawa inabana megabaiti 3 tu kwa sekunde, kazi ya dakika moja inageuka nusu saa. Mzigo ni uleule. Kilichobadilika ni waya.

Bakapu ni foleni ya hatua: diski ya huku inasoma, prosesa inabana na kusimba, waya unapeleka, diski ya kule inaandika. Kasi ya wote ni kasi ya aliye mzito kuliko wenzake. Fungua `top`, inayoonyesha kazi ya prosesa, wakati bakapu inaendelea, na uangalie mtandao pembeni. Prosesa ikiwa imebanwa kwenye asilimia 100 ya kiini kimoja huku mtandao ukipumua, umebana kupita kiasi. Prosesa ikiwa imelala na mtandao umejaa, hapo ndipo pa kupandisha.

Ila mara nyingi bakapu niliyoitiwa haikuwa polepole. Ilikuwa imekufa.

Mkwamo wa gari, yaani SSH, unajieleza wenyewe ukiita `ssh -v`, inayosimulia kila hatua ya muunganisho, ukaisoma taratibu. "Connection timed out" ni kupiga hodi usiitikiwe: anwani si yenyewe, au fayawoli inameza pakiti kimyakimya. "Connection refused" ni tofauti kabisa. Umefika, mashine ipo hai, lakini kwenye poti 22, mlango wa kawaida wa SSH, hakuna anayesikiliza. Huenda mwenye seva alihamishia SSH poti nyingine. "Permission denied" maana yake mmezungumza lakini ufunguo wako haukubaliki, na hapo angalia kwanza ruhusa za faili upande wa seva: folda ya `.ssh` iwe 700, `authorized_keys` (faili la funguo zinazokubaliwa) iwe 600, yaani za mwenyewe tu. Seva hukataa kutumia ufunguo uliokaa mahali ambapo watu wengine wanaweza kuandika, na haikuambii sababu. Sababu imo kwenye logi yake.

Kuna ile inayowasumbua wengi: bakapu inafanya kazi ukiiendesha kwa mkono, usiku kwa cron, ratiba ya Linux ya kazi za kujiendesha, inagoma. Cron haina ssh-agent yako (mtunza funguo), haina PATH yako (orodha ya folda za programu), na mara nyingi inaendeshwa na root, mtumiaji mkuu, ambaye hajawahi kuitambua seva ile. Ijaribu kwa mtumiaji yuleyule, ukiongeza `-o BatchMode=yes` ili SSH isithubutu kuuliza neno la siri. Ikishindwa hapo, umeshapata mahali pa kuchimba.

Na kuna kisa cha "Karibu". Duka moja la dawa nililokuwa nahudumia lilikuwa na seva ya nakala nje ya nchi. Ukiingia kwa SSH, sawa. Ukiendesha rsync, inaanguka papo hapo na ujumbe "protocol version mismatch -- is your shell clean?" Nikapoteza nusu siku kulinganisha matoleo ya rsync ya pande zote mbili, kwa sababu ujumbe unataja matoleo. Matoleo yalikuwa sawa. Kumbe fundi aliyenitangulia aliweka mstari wa `echo` kwenye `.bashrc` ya seva, ili kila anayeingia asomewe "Karibu!" na jina la duka. Rsync ya huku ilitarajia namba ya itifaki, ikakaribishwa. Kipimo chake ni kifupi mno, natamani ningekijua asubuhi ile:

`ssh seva /bin/true > jaribio.dat`

Faili hilo linatakiwa kuwa na baiti sifuri. Likiwa na herufi hata moja, tafuta anayepiga kelele kwenye faili za kuanzia za seva.

Mkwamo wa katikati ya safari ni aina nyingine. Programu inapokagua maelfu ya faili ambazo hazijabadilika, waya unaweza kukaa kimya dakika kadhaa, na ruta au mtandao wa simu unaona mmekwisha kuagana, unafuta njia. Ndipo unakuta "Broken pipe". Weka `ServerAliveInterval 60` kwenye `~/.ssh/config` ili SSH igonge kila dakika kuonyesha bado ipo. Kwa faili kubwa, `--partial` ya rsync inakuepusha kuanza upya kutoka baiti ya kwanza. Kama SSH inaganda mapema zaidi, wakati wa kubadilishana funguo, na hasa kama mnapita kwenye VPN, shuku MTU, ukubwa wa juu wa pakiti moja: pakiti ndogo zinapita, kubwa zinapotelea njiani. Ishushe hadi 1400 ujaribu tena.

Usisahau diski ya kule. `df -h` inaonyesha nafasi, lakini `df -i` nayo inahitajika, kwani diski yenye faili ndogondogo nyingi inaweza kuishiwa inodi, yaani nafasi za kusajili faili, huku GB zikiwa bado zipo.

Baada ya hayo yote ndipo unapogusa kompresheni, na kitu cha kwanza ni kujua inafanyika wapi. `ssh -C` inabana kila kinachopita kwenye njia, kwa zlib, na kule kinafunguliwa. `rsync -z` vilevile: inaokoa waya, lakini faili likifika linakaa na ukubwa wake wa asili. Borg inabana vipande kabla ya kuvituma na inavihifadhi vikiwa vimebanwa, hivyo inaokoa waya na diski. Watu huwasha zote kwa pamoja kwa imani kwamba zitajumlishana. Hazijumlishani. Borg ikishabana na kusimba, `-C` juu yake ni kushindilia saruji.

Kuhusu kanuni zenyewe za kubana, maoni yangu hayana mizunguko. lz4 ni ya haraka kupindukia na inabana kidogo. Ndiyo chaguo-msingi la Borg, na inafaa kwa mtandao wa ndani. gzip ya mwaka 1992, kiwango cha 1 hadi 9, chaguo-msingi 6, ipo kila mahali, na sioni sababu nyingine ya kuichagua leo. xz inabana sana na inakula muda. Iachie kumbukumbu za miaka iliyopita ambazo zitabanwa mara moja zikalala. Kwa bakapu ya kila siku kupitia intaneti, tumia zstd, iliyotoka rasmi mwaka 2016 kutoka kwa Yann Collet akiwa Facebook. Kiwango chake cha 3 kinatosha karibu kila mahali. Juu yake viwango vinaendelea hadi 19, na ukivuka kumi unalipa muda mwingi kwa punguzo dogo. Rsync kuanzia toleo la 3.2 la mwaka 2020 inaijua pia, ilimradi pande zote mbili ziwe nayo.

Kiwango kinachofaa hakidumu milele. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika karibu na Durban, intaneti ya Tanzania ilisinyaa kwa siku kadhaa. Wiki kama hiyo waya ndio mzito kuliko wote, na zstd kiwango cha 9 kilichoonekana ubadhirifu wiki iliyotangulia kinajilipa.

Kuna kosa moja linalouma kuliko kuchagua kiwango kibaya, nalo ni kubana mapema mno. Rsync na Borg zina akili ya kutuma kilichobadilika tu: zinalinganisha vipande vya leo na vya jana. Sasa mtu anatoa hifadhidata kila usiku kwa `mysqldump`, anaipitisha kwenye gzip, kisha anaikabidhi kwa Borg. Mauzo mapya hamsini yameongezeka katikati ya faili. Kwenye maandishi ya kawaida, vipande vichache tu ndivyo vinabadilika. Kwenye faili lililobanwa, badiliko moja linavuruga alama zote zinazolifuata, na kuanzia hapo hadi mwisho hakuna kipande kinachofanana na cha jana. GB zilezile zinapanda upya kila usiku, na mwenye duka analalamikia bando. Acha faili la hifadhidata likiwa wazi, Borg itabana yenyewe baada ya kulinganisha. Ukilazimika kubana mapema, gzip na zstd zote zina `--rsyncable`, inayopunguza madhara kwa gharama ya ukubwa kidogo.

Pale dukani niliacha `--compression auto,zstd,3`. Hilo neno `auto` linaifanya Borg ionje kila kipande kwa lz4 kwanza: kikibanika, zstd inakishughulikia, kikiwa saruji, hakisumbuliwi. Ukibadilisha mpangilio huo baadaye usishangae hazina ya nakala isipopungua. Vipande vya zamani vinabaki vilivyo, vipya tu ndivyo vinafuata amri mpya, na ulinganishaji hauharibiki, kwa sababu Borg inatambua kipande kwa maudhui yake kabla ya kukibana.

Kama bado unasita kati ya kiwango cha 3 na 9, chukua faili moja halisi la kwako na uliulize kwenye mashine ileile itakayofanya kazi usiku:

`zstd -b3 -e9 mauzo.sql`

Itakupa mstari kwa kila kiwango: ukubwa uliopatikana, kasi ya kubana, kasi ya kufungua. Weka kasi ya kubana kando ya kasi ya kupandisha ya intaneti yako. Panda kiwango kimoja kimoja, na simama kabla prosesa haijashindwa kuulisha waya.