"Inavuta mpaka wapi?" na dhana nyingine potofu kuhusu lenzi

Nikitoa kamera mbele ya watu, iwe ufukweni au harusini, swali la kwanza halikawii: "Hiyo inavuta mpaka wapi?" Anayeuliza hana kosa, neno "zumu" ndilo limetuponza. Tumezoea kuamini kwamba lenzi ya zumu ni ile ndefu inayosogeza vya mbali. Kumbe zumu ni lenzi yoyote inayoweza kubadili urefu wake wa fokasi (zile milimita zinazoamua picha ichukue eneo pana au dogo), basi. Ile fupi ya milimita 18 hadi 55 inayouzwa pamoja na kamera ni zumu. Lenzi ya 400 isiyobadilika si zumu hata kidogo, ingawa itakuletea jicho la kiboko kutoka ng'ambo ya bwawa. Ukiingia dukani ukasema tu "nataka zumu", usishangae kuuziwa kitu kinachofanana na ulichokiacha nyumbani.

"Megapikseli nyingi ndiyo picha nzuri"

Hili lisituchukulie muda. Megapikseli moja ni nukta milioni za picha. Karatasi ya A4 ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli 2480 kwa 3508, yaani kama megapikseli 8.7. Runinga ya 4K inaonyesha 8.3. Na ukitoka 12 kwenda 24, upana wa picha hauongezeki maradufu. Unaongezeka kwa asilimia 41 tu. Kamera ya mtumba yenye 16 au 24 inakutosha, hela inayobaki itafutie lenzi.

"Bila fulu fremu wewe bado unacheza"

Sensa ya fulu fremu (kile kipande ndani ya kamera kinachonasa mwanga, si sensa ya watu na makazi) ina milimita 36 kwa 24. Ile ndogo iitwayo APS-C ni takriban 23.5 kwa 15.6 kwenye Nikon na Sony, na kwenye Canon ni ndogo kidogo zaidi. Hapo ndipo unaposikia kwamba lenzi ya 50 "inageuka" 75. Haigeuki kitu. Sensa ndogo inakata kingo, kwa hiyo unabaki na eneo lile ambalo fulu fremu ingelipata kwa lenzi ya 75. Kwa mpenda wanyama na ndege hiyo ni neema: lenzi ya 300 inakupa mwonekano wa 450, nayo ni nyepesi na ya bei nafuu. Fulu fremu inashinda gizani, tena inashinda kweli. Ila kama picha zako nyingi ni za saa kumi jioni pwani, giza hilo hulifikii.

"Lenzi iliyokuja na kamera ni ya kutupa"

Mchana, ukiiweka kwenye f/8, ile 18-55 inatoa picha kali ambayo wengi hawataitofautisha na ya lenzi ya bei mara tano. Inapokwama ni ukumbini usiku. Namba za f hupima tundu la lenzi linalopitisha mwanga, nazo ni kama sehemu ya hesabu: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Ukiivuta lenzi hiyo hadi 55, mwisho wa tundu lake ni f/5.6. Ile 50 ya f/1.8, ambayo karibu kila kampuni inaitengeneza kwa bei ya chini kuliko lenzi zake nyingine nyingi, inapitisha mwanga takriban mara kumi zaidi. Pale ulipolazimika kupiga kwa 1/15 ya sekunde na bwana harusi akatoka kama mzimu, sasa unapiga kwa 1/125 na zaidi.

Halafu ndipo linapozaliwa kosa la pili, ambalo nimelifanya sana: kuiacha f/1.8 siku nzima kwa sababu nyuma panayeyuka vizuri. Kwenye kamera ya APS-C, ukisimama mita 2 kutoka kwa mtu, eneo lililo ndani ya fokasi lina kina cha kama sentimita 11. Uso mmoja unaenea. Shangazi na mama wadogo waliopangwa mistari miwili hawaenei, na mstari wa nyuma utakuuliza kwa nini umewafuta. Picha ya kundi ni f/5.6 au f/8, na kama mwanga hautoshi, panda ISO, yaani wepesi wa kamera kuona mwanga.

Kiimarishaji kilichomo ndani ya lenzi nacho kinasingiziwa mengi. Kinatuliza mkono wako, hakimsimamishi mtoto anayekimbia. Ukiwa garini Mikumi na lenzi ndefu, mfuko wa mchele au maharage uliowekwa dirishani utakusaidia sawasawa nacho, na jioni unapikwa. Saa saba mchana hata mfuko hautasaidia: hewa ya moto inacheza juu ya nyasi, na lenzi ya bei yoyote itamtoa simba akiwa kama yuko chini ya maji.

"Kamera hii haipendi ngozi nyeusi"

Lawama hii ina mizizi ya kweli. Enzi za filamu, kuanzia miaka ya 1950, Kodak iliwapa wachapaji kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo. Lakini leo ukipiga ndugu yako aliyevaa kanzu nyeupe na uso ukatoka mweusi tii, kubadili kamera hakutasaidia. Kipimo cha mwanga kinachukulia kwamba dunia nzima kwa wastani ni kijivu. Kikiona kanzu, na ukuta uliopakwa chokaa nyuma yake, kinadhani mwanga umezidi na kinaupunguza. Kitafute kitufe chenye alama ya + na −, panda hadi +1, angalia, piga tena. Akivaa suti nyeusi mbele ya pazia jeusi, shuka upande wa pili. Ni bure.

"Iweke kwenye mkoba wake, kabatini, iwe salama"

Hapa watu wa Tanga, Mombasa na Unguja tuketi kidogo. Lenzi yangu ya kwanza haikuanguka wala kuibwa. Niliifunga kwenye mkoba wa ngozi, nikaulaza kati ya nguo, masika yakapita. Nilipoitoa, ndani ya kioo kulikuwa na nyuzi kama utando wa buibui. Fangasi. Wanapenda giza, unyevu na utulivu, na kabati la pwani lina vyote vitatu, na ngozi yenyewe hunywa unyevu. Wakikaa muda mrefu wanakula mipako ya kioo, na fundi akisafisha, makovu yanabaki.

Chombo cha plastiki cha kuhifadhia chakula, kinachofunga kabisa, chenye vipakiti vya silika (zile chembe za kunyonya unyevu) ndani, kinafanya kazi nzuri kuliko mkoba wowote. Mchele badala ya silika? Tuuache jikoni: unavuta unyevu kidogo sana na unaacha vumbi la wanga. Usitoke pia kwenye chumba chenye kiyoyozi ukafungua kamera nje papo hapo, kioo kitatoka jasho. Iache ndani ya begi nusu saa ipate joto. Na lenzi inayotumika kila wiki hushikwa na fangasi mara chache.

Kwa sababu hiyohiyo, ukinunua ya mtumba nenda na tochi. Fungua tundu lote, mulika kutoka nyuma, tazama kwa mbele ukiinamisha kidogo. Vumbi dogo usiliogope, halionekani pichani. Nyuzi ziogope. Kuhusu filta ya UV, kile kioo cha kuvisha mbele ya lenzi, sensa za kidijitali haziihitaji kama filamu ilivyoihitaji, ila kwa chumvi ya baharini mimi naivaa. Usiku wa taa naivua, maana iliyo rahisi inazaa vivuli vya taa.

"Lenzi ya Nikon inaingia Nikon yoyote"

Mdomo wa F, yaani pale lenzi inaposhikana na kamera ya Nikon, umekuwepo tangu 1959, kwa hiyo kuingia, nyingi zinaingia. Lakini kamera kama D3400 na D5600 hazina ndani yake mota ya kuzungusha fokasi ya lenzi. Lenzi za AF (za fokasi ya kujiendesha) za zamani, kama 50 f/1.8D, zinaitegemea mota hiyo. Unayoitaka wewe imeandikwa AF-S au AF-P. Hata adapta ya FTZ ya kuzifikisha kwenye kamera za Nikon Z, zenye mdomo mwingine na zilizoanza 2018, haina mota. Mimi nilipoinunua lenzi ya AF ya zamani niliuliza bei tu, sikuuliza herufi. Ninayo mpaka leo. Paka wa jirani akilala barazani, naizungusha kwa kidole taratibu mpaka sharubu zikae sawa. Akiamka, ndiyo basi.