Pick, pick up, pick it up: dhana potofu kuhusu phrasal verbs za Kiingereza

Mswahili akitaka taa izimwe husema "izime". Amri, tendo na kitu chenyewe vyote vimo katika neno moja. Kiingereza hulisema jambo hilo kwa maneno matatu, "turn it off", na kila neno lina mahali pake. Makosa mengi ya Kiingereza kinachosemwa Afrika Mashariki huanzia hapo, na huendelezwa na imani zilizorithiwa darasani kuhusu vitenzi hivi viitwavyo phrasal verbs, yaani kitenzi kinachoandamana na neno dogo kama "off" au "up".

"Neno dogo la mwisho ni nyongeza tu"

Neno hilo hubeba nusu ya maana, mara nyingine zaidi. Ukisema "I will pick you at the stage", mtu wa Nairobi atakuelewa, lakini kwingineko "pick" ni kuchagua, au kuchuma kama tunavyochuma maembe. Kumpitia mtu kwa gari ni "pick someone up". Vivyo hivyo "throw the papers" ni kuzirusha karatasi. Kuzitupa jalalani ni "throw them away". Fomu hujazwa kwa "fill in", na Wamarekani hupenda "fill out". Nayo "off the light" imekosa kitenzi kabisa: sema "turn off" au "switch off the light".

Kosa la kinyume lipo pia, la kuongeza neno lisilotakiwa. "Cope up with" husikika sana, labda kwa kuwa inafanana na "keep up with" na "put up with", ila kilicho sahihi ni "cope with". Anayeandika "I request for leave" amechanganya vitenzi viwili. Achague kimoja: "I request leave" au "I am asking for leave".

"Maana hazikisiki, ni kukariri tu"

Zipo zisizokisika kweli. Hakuna chochote ndani ya "put up with" kinachokuambia kwamba ni kuvumilia. Lakini maneno madogo yana tabia zake, na anayezijua hupunguziwa kazi kubwa. "Up" mara nyingi huonyesha tendo lililofikishwa mwisho: "eat up" ni kula ukamaliza, "use up" ni kutumia hadi kiishe, "tear up" ni kuchana vipande vipande. "Off" huonyesha kuondoka au kukatika: "set off" ni kuanza safari, "see off" ni kumsindikiza mgeni. "On" huendeleza, kama katika "carry on" na "read on". "Down" hupunguza: "slow down", "cut down on sugar". "Out" ina mikondo kadhaa, ukiwemo wa kugawa, "hand out", na wa kwisha, "run out" na "sell out".

Sisi wenyewe tunafanya hivyo kila siku, ila kwa viambishi: funga huwa fungua, ziba huwa zibua, kimbia huwa kimbilia. Tofauti ni kwamba viambishi vyetu vimeshikana na kitenzi, ilhali maneno yao madogo yanaweza kukaa mbali nacho. Hilo linatuleta kwenye jambo lenye uzito kuliko yote.

"Yambwa unaweza kuiweka popote"

Yambwa ni kile kinachotendwa, kama redio inayozimwa. Kwanza kuna vitenzi vinavyotenganika, yaani yambwa inaweza kukaa kati ya kitenzi na neno dogo. "Turn off the radio" na "turn the radio off" zote ni sahihi. Lakini yambwa ikiwa kiwakilishi kama "it", "them" au "her", lazima ikae katikati: "turn it off", "pick her up". "Turn off it" ni kosa, hata uiseme kwa upole namna gani. Yambwa ikiwa ndefu, mambo hugeuka. "Turn off the radio you left on in the kitchen" inasikika vizuri. Ukiisubirisha "off" mpaka baada ya maneno yote hayo, msikilizaji atakuwa amesahau ulianzaje.

Kisha kuna visivyotenganika: "look after the baby", "look after her". Hakuna "look her after". Humo wamo pia "look for", "run into" na "get over" ya kupona ugonjwa. Vyenye maneno matatu kwa kawaida huenda hivyo hivyo: "we have run out of flour", "we have run out of it". Vingine havichukui yambwa kabisa, kama daladala inapoharibika njiani: "the bus broke down". Na hata hapo uwe macho, kwa sababu kitenzi kimoja kinaweza kuwa na tabia mbili. "They broke down the door" ina yambwa, na maana yake ni kuvunja mlango.

Sikio husaidia. Katika vinavyotenganika, neno dogo hutamkwa kwa mkazo: turn it OFF, pick her UP. Katika "look at him" au "wait for me", "at" na "for" hupita haraka bila mkazo, na hayo hayaruki upande wa pili wa kiwakilishi. Dalili hii si kamili, maana "after" ya "look after" hutiwa mkazo ingawa kitenzi hakitenganiki. Penye shaka, fungua kamusi ya wanafunzi na utazame "something" au "somebody" imewekwa wapi. Ikiwa katikati, "turn something off", kinatenganika. Ikiwa mwisho tu, "look after somebody", usikitenganishe.

Mara nyingine mpangilio hubadili maana yenyewe. "I saw through him" ni kwamba niliugundua ujanja wake. "I saw him through" ni kwamba nilisimama naye hadi akavuka shida. Ni maneno yale yale matatu ya mwisho, na tofauti yake ni kubwa.

"Put on ni sawa na wear"

Zote huandikwa "vaa" katika daftari, ndiyo maana mwanafunzi anayeeleza picha husema "he is putting on a blue shirt" akikusudia amevaa. "Put on" ni tendo la kuvaa lenyewe, dakika ile mkono unapoingia kwenye shati. Likishakwisha, sema "he is wearing a blue shirt" au "he has a blue shirt on". Sisi hutofautisha "anavaa" na "amevaa" kwa kiambishi. Waingereza hubadili kitenzi.

"Ni lugha ya mitaani, haifai kuandikwa"

Baadhi ndivyo vilivyo. Katika tangazo rasmi mkutano ni afadhali uwe "postponed" kuliko "put off". Maneno mengi ya aina ya "postpone" na "tolerate" yana asili ya Kilatini, na njia kubwa ya kuingia kwake ilikuwa Kifaransa kilichotawala mahakama na serikali Uingereza baada ya uvamizi wa Wanormani wa 1066. Hadhi hiyo haijayatoka. Lakini watafiti huandika "carry out a study", daktari huandika "rule out malaria", na kamati huwa "set up". Anayevikwepa vyote kwa hofu huishia kuwaambia wenzake "I rose at six", maneno ya kitabuni, wakati kila mtu husema "I got up at six".

"Look forward to hear from you"

Barua nyingi za kuomba kazi hufungwa hivi. "To" hapa ni kihusishi, kama inavyoonekana katika "I look forward to your reply". Kwa hiyo kitenzi kinachofuata huchukua -ing: "to hearing from you".

"Login na log in ni kitu kimoja"

Kitenzi ni maneno mawili, "log in", na wakati uliopita ni "logged in". Likiunganishwa huwa nomino. Ndivyo ilivyo kwa "back up" na "backup", "break down" na "breakdown".

"Anza na orodha ya get"

"Get up", "get on", "get off", "get over", "get by", "get through": zikikaririwa pamoja hufanana mno na kuchanganyana. Zipange kwa shughuli. Za simu, kwa mfano, ni "pick up", "hold on", "get through", "hang up", "call back". Kila kitenzi kipe mistari miwili daftarini, mmoja wenye nomino na mwingine wenye kiwakilishi: "I'll call the customer back", kisha "I'll call her back". Usome mstari wa pili kwa sauti, ukikazia "back".