Mkono Usioachia: Si Jini, Si Uvivu

Mzee anakupa mkono pale Mikindani, Mtwara, mnajuliana hali, mnaulizana bei ya korosho. Ukitaka kuondoka, mkono wake bado umekushika. Anavikunjua vidole kimoja kimoja, uso umejaa haya. Ukiondoka tu, maneno yanaanza.

"Ana jini, amefungwa mkono." Hapana. Huu ni ugonjwa adimu wa kurithi uitwao distrofi ya miotonia; miotonia ni msuli kuchelewa kulegea baada ya kujikaza. Katika aina ya kwanza, herufi tatu za DNA, CTG, hujirudia kupita kiasi ndani ya jeni iitwayo DMPK, kasoro iliyogunduliwa mwaka 1992. Marudio yakifika 50 na kuendelea, ugonjwa huweza kujitokeza. Kasoro hiyo huvuruga vijia vya kupitishia chembe za kloridi, vinavyoutuliza msuli baada ya kujikaza, ndiyo maana msuli huendelea kukaza hata mwenyewe anapotaka kuachia.

"Basi neva zimekufa." Hili husemwa hata na watu waliosoma, kwa sababu daktari akigonga kano chini ya goti, mguu hauruki au huruka kidogo sana. Lakini mruko huo, yaani refleksi, ni safari: kano inavutwa, ujumbe unakwenda hadi uti wa mgongo, unarudi, kisha msuli unajikaza. Kwa wagonjwa hawa, safari hukwama zaidi pale mwisho, kwenye msuli uliosinyaa. Wapo ambao neva zao za miguuni nazo zimeathirika, ila chanzo kikuu ni msuli.

Sasa gonga ile nyama iliyo chini ya kidole gumba. Kidole kinavutwa ndani, kinakaa hapo sekunde kadhaa, ndipo kinalegea. Ungesema ni refleksi, kumbe sivyo: hata neva ikitiwa ganzi, msuli hufanya vilevile. Kwangu mimi hakuna jibu zuri kuliko hili kwa anayetafuta mchawi.

"Anajifanyisha, mbona saa nne yuko sawa?" Mchonga vinyago wa Newala, asubuhi ya kipupwe, anaweza kushindwa kuiachia patasi. Akikunja na kukunjua kiganja mara kadhaa, mkono unalegea. Ndivyo miotonia ilivyo: wengi huzidiwa na baridi, na kurudiarudia huwapa nafuu. Hata usingizi mzito wa mchana, unaomfanya aitwe mvivu, unatokana na ugonjwa huu kugusa ubongo.

"Unafuata ukoo wa mama." Huku kwetu wengi tunahesabu ukoo kwa mama, kwa hiyo naelewa dhana hii ilikotoka. Hata hivyo baba naye huurithisha. Kila mtoto, wa kike au wa kiume, ana uwezekano wa nusu kwa nusu. Ile hali kali ya mtoto kuzaliwa akiwa mlegevu ndiyo hutoka kwa mama karibu kila mara. Tena yale marudio ya CTG huweza kurefuka kizazi hadi kizazi, na ugonjwa ukawa mkali zaidi: babu alikuwa na mtoto wa jicho tu, mjukuu anashindwa kuinua shingo.

"Ni mikono tu." Hili ndilo linaloniogopesha. Ugonjwa huharibu njia za umeme wa moyo, na mtu anaweza kufa ghafla bila kuwa amelalamika. Apimwe umeme wa moyo kila mwaka, hata kama hana dalili. Na akitakiwa kufanyiwa upasuaji, amwambie mapema mtoa nusu kaputi: suksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli, huweza kumkaza misuli hadi taya lisifunguke, na dawa za usingizi humdhoofisha pumzi kuliko watu wengine.