"Uhamisho kwa maslahi ya umma" maana yake nini

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, mkuu wa shule akipata barua ya kuhama, mtaa mzima huwa na jibu: kafelisha, kaadhibiwa, katupwa porini. Barua yenyewe inasema "kwa maslahi ya umma", na maneno hayo yana maana yake.

Maana ni fupi. Mwajiri ameamua, bila wewe kuomba, kwamba unahitajika kituo kingine. Ndani ya halmashauri anayeamua ni mkurugenzi. Kutoka mkoa hadi mkoa ni TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa.

Tatizo ni kwamba uhamisho huu unachanganywa na mambo mawili yasiyofanana nao. La kwanza ni uhamisho wa kuomba. Mwalimu anayeomba kumfuata mwenza wake, au kusogea karibu na mzazi mgonjwa, anajigharamia. Anayehamishwa na mwajiri anastahili kulipwa usafiri wake, wa familia na wa mizigo, posho ya kujikimu ya siku 14, na posho ya usumbufu, asilimia 10 ya mshahara wa mwaka. Tazameni hilo jina, usumbufu: serikali yenyewe inakubali kwamba kuhama kunamvuruga mtu. Mwaka 2017 Rais Magufuli aliwaambia walimu Dodoma kwamba mtumishi asihamishwe kabla ya kulipwa. Kwa hiyo kumwambia mkuu wa shule aliyehamishwa "si uliomba mwenyewe" ni kumfutia haki kwa mdomo tu. Na akikubali kuandika barua ya kuomba ili mambo yaende haraka, ameifuta kwa mkono wake.

La pili, ambalo linaniudhi zaidi, ni adhabu. Adhabu ya kinidhamu ina njia yake: tuhuma kwa maandishi, nafasi ya kujitetea, uamuzi, rufaa. Uhamisho hauna hata kimoja kati ya hivyo, kwa sababu haukuwekwa uwe adhabu. Hata kuvuliwa ukuu ni jambo jingine. Ukuu wa shule ni madaraka, yana posho yake ya shilingi 250,000 kwa mwezi kwa mkuu wa sekondari na 200,000 kwa mwalimu mkuu wa msingi. Anayepelekwa kuongoza shule nyingine anaendelea kuipata. Aliyevuliwa anaikosa, hata kama anabaki kufundisha palepale.

Sasa mfikirieni mama mwenye miaka hamsini na kitu aliyehamishwa wilaya ya mbali. Mume amebaki kwenye kituo chake cha kazi, mtoto ni mtahiniwa hawezi kuhamishwa katikati ya mwaka, benki inakata mshahara kwa mkopo wa nyumba ambayo sasa haikai. Amepanga chumba, anaamka usiku na presha. Hayo angeweza kuyabeba. Wakuu wengi wameyabeba. Kinachomwelemea ni kuingia ofisi ya walimu akakuta wote wameshasikia kwamba "huko katolewa". Hakuna tuhuma aliyopewa, hivyo hana pa kujitetea. Akieleza anaonekana anajitetea kwa kosa, akinyamaza amekubali. Mwalimu wa zamu anamjibu kwa mkato, bodi inamtazama kwa shaka, na kazi ya kuongoza shule asiyoijua bado haijaanza.

Wapo maofisa wanaomhamisha mtu kwa hasira, hilo linajulikana. Wanafanya kosa, na tunawarahisishia tunapoliita jambo hilo adhabu kana kwamba ni utaratibu halali.

Kwa hiyo mkuu wa shule yenu akihama, badala ya kuuliza kafanya nini, ulizeni kama fedha zake za uhamisho zimetoka, na kama anakokwenda anakwenda na madaraka yake. Na mgeni wenu akifika, mwiteni mkuu wa shule aliyehamia.