Kubana aya ni kufanya nini?

Aya ni kifungu cha sentensi zinazobeba wazo kuu moja. Kuibana ni kuisoma upya ukiihoji kila sentensi: inalisaidia wazo hilo, au imepita njia tu? Isiyosaidia hutolewa, na inayobaki hupunguzwa maneno yasiyo na kazi. Tahajia husubiri hadi mwisho, kwani hakuna faida kusahihisha herufi za sentensi utakayoifuta.

Chukua aya hii ya barua ya wakazi wa mtaa kwa ofisi ya maji:

"Napenda kuchukua nafasi hii kueleza kwamba suala zima la maji katika mtaa wetu ni tatizo. Kisima ambacho kilichimbwa na wananchi kilifanyiwa ukarabati mwaka jana. Wananchi wetu ni watu wenye ushirikiano. Pampu imeharibika tena kwa mara nyingine na kina mama wanafanya safari ya kwenda mtoni kuchota maji."

Maneno 46, na wazo lenyewe limejificha mkiani: pampu imeharibika. Maneno ya jukwaani ya mwanzo yaondoke, pamoja na hilo "suala zima la", ambalo tumelizoea mno kwenye hotuba hata hatulisikii. "Tena" na "kwa mara nyingine" ni kitu kimoja. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mengi peke yake, basi kiachiwe mzigo wake: "kilifanyiwa ukarabati" ni "kilikarabatiwa", "kisima ambacho kilichimbwa" ni "kisima kilichochimbwa", na "kufanya safari ya kwenda" ni "kwenda" basi.

Tunabaki na hii:

"Pampu ya kisima chetu imeharibika tena licha ya ukarabati wa mwaka jana, na kina mama wanachota maji mtoni."

Maneno 18. Ile sifa ya ushirikiano huenda ni ya kweli kabisa, ila mahali pake ni kwenye aya ya kuomba fundi, ambako itaonyesha kuwa watu wako tayari kuchangia. Sentensi ya namna hiyo mimi siifuti papo hapo. Naishusha chini ya ukurasa mpaka barua iishe.

Aya ikishabanwa ndipo pengo lake huonekana. Pampu imeharibika tangu lini? Mtoni ni umbali gani? Hayo ndiyo afisa wa maji atakayoyauliza kwanza, na sasa nafasi ya kuyaandika ipo.