Kabla ya kumwaga dawa: kuzibua sinki, bafu na choo kwa vitu vya nyumbani

Sinki likigoma kushusha maji, wengi hukimbilia dukani kununua dawa ya kuzibulia. Anza kwingine: jua kwanza uchafu umekwama wapi. Ikiwa sinki la jikoni pekee ndilo limeziba na choo kinashuka vizuri, tatizo liko karibu, aghalabu kwenye lile bomba lililopinda chini ya sinki. Ikiwa ukimwaga maji chooni bafu nalo linabubujika, njia kuu imeziba au shimo la maji taka limejaa, na hapo hakuna utakachomimina jikoni kikasaidia. Toka nje ufungue chemba, kile kisanduku cha ardhini chenye mfuniko ambacho mabomba ya maji taka hupitia. Ikiwa haina maji, kizuizi kiko kati ya nyumba na chemba; ikiwa imejaa hadi juu, kizuizi kiko mbele yake, upande wa shimoni.

Mombasa ina sababu zake za kuziba. Maji ya visima vyetu vingi yamepita kwenye mwamba wa matumbawe na kubeba chokaa. Sabuni ya mche ikikutana na chokaa hiyo haitoi povu jingi. Hugeuka utando mweupe unaonata ndani ya bomba, na nywele zikipita hunasa hapo. Jikoni kuna machicha ya nazi, punje za wali na magamba ya samaki. Samli na mafuta ya nyama yakishapoa huganda juu ya machicha, na mchanganyiko huo hukamata bomba kama udongo uliokandwa.

Kwa sinki, njia ya hakika haihitaji dawa yoyote. Weka ndoo chini ya bomba lililopinda, au chini ya kile kikopo cha plastiki kama lako ni la namna hiyo, kisha fungua nati zake kwa mkono ukizungusha kinyume cha saa. Zikikaza, zishike kwa kitambaa kikavu. Koleo huvunja plastiki. Toa uchafu kwa mti, sugua kwa mswaki mkuukuu, suuza ndani ya ndoo, na usiimwage ndoo hiyo kwenye sinki lile lile! Angalia zile pete za mpira: moja ikikaa upande, bomba litavuja hata ukaze vipi. Ukisharudisha, mwaga maji na upitishe karatasi kavu kwenye kila kiungo. Ikilowa, fungua upange pete upya.

Mafuta yakiwa ndiyo chanzo na maji bado yanapita polepole, tumia magadi, yale yale ya kulainishia maharagwe. Ni makali kuliko baking soda na hukata mafuta vizuri zaidi. Chemsha lita 2 za maji, changanya na lita 3 za bomba, koroga vijiko 4 vya chakula vya magadi, kisha mwaga taratibu. Kipimo hicho cha maji kina sababu: kinakupa joto la nyuzi 57 hivi, na bomba la PVC huanza kulegea likizidishiwa nyuzi 60. Maji yanayotokota yakimwagwa mara kwa mara hulipinda bomba, viungo vikaachia. Chooni ni hatari zaidi, kwa kuwa bakuli la kauri linaweza kupasuka.

Ule mchanganyiko wa baking soda na siki unaosifiwa sana hautoshi kwa bomba lililoziba kabisa. Povu lile ni hewa tu, na vitu viwili hivyo vikikutana huuana nguvu. Siki peke yake ina kazi yake: kikombe kimoja kwenye tundu la bafu, kiache saa nzima, kitayeyusha chokaa. Lakini nywele zitoe kwanza. Inua kifuniko, nyoosha henga ya waya, kunja ncha yake iwe kindoana cha sentimita 1, ishushe, izungushe, uvute.

Choo kikiziba, usimwage maji tena. Funga koki ya tangi. Bakuli likiwa limejaa, chota kwa kopo hadi libaki nusu. Mimina robo kikombe cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na usubiri nusu saa, kisha mwaga lita 5 za maji ya uvuguvugu kwa mkupuo mmoja kutoka usawa wa kiuno. Mara nyingi hiyo inatosha. Isipotosha, tengeneza pampu: kata kitako cha chupa ya soda ya lita 2, ingiza mpini wa ufagio mdomoni mwake na uufunge kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, hewa isipenye. Maji yafunike ule upande uliokatwa. Sukuma mara ya kwanza polepole ili hewa itoke, halafu piga mara 15 hadi 20 mfululizo, ukikazania kuvuta kuliko kusukuma. Kwa choo cha kuchuchumaa chupa haikai sawa. Chukua mopu lililolowa, lifunge ndani ya mfuko wa plastiki mgumu, ulipigie hapo.

Ikiwa kilichoingia ni pampasi, pedi au kitambaa, usisukume kabisa. Pampasi hufura ikilowa, na ukiisukuma utaihamisha kutoka mahali unapoifikia hadi mahali pa kuvunja sakafu. Vaa glavu, tumia kindoana.

Mgao wa maji nao una mkono wake. Ukimwaga kata moja moja kuokoa maji, kinyesi husogea kidogo na kukauka ndani ya bomba la inchi 4. Afadhali kumwaga karibu nusu mtungi wa lita 20 kwa mara moja.

Kuzibua kutoka chemba kwa mpira wa maji hufaa, lakini usiuache umeungwa kwenye bomba la maji safi. Maji yakikatika ghafla, bomba hunyonya uchafu kurudi ndani, na kipindupindu hupitia mlango huo. Mpira huo usiteke tena maji ya kunywa.

Usichanganye Jik (dawa ya klorini ya kung'arishia nguo) na siki, wala na dawa ya choo yenye asidi: hutoa hewa ya klorini inayochoma mapafu, na vyoo vyetu vingi vina kidirisha kidogo tu.

Nyumba za karibu na bahari zikichelewa kushusha maji wakati wa bamvua (bahari inapojaa sana) au masika, kisha zikapona maji yakiwa mafu (bahari inapojaa kidogo), kosa si la bomba. Maji ya ardhini yamepanda na shimo halina pa kuyapeleka ya kwake. Shimo ambalo tope limefika theluthi ya kina chake linahitaji lori la kunyonya. Asishuke mtu humo, hata kumwokoa aliyeanguka: hewa yake huangusha kwa pumzi chache, na waokoaji hufia juu ya waliowafuata. Usiwashe kiberiti mdomoni mwake.

Ukimwita fundi, mwambie ulichomwaga na saa uliyomwaga kabla hajagusa nati. Kostiki (soda kali ya kuzibulia) iliyotuama kwenye bomba lililopinda humrukia usoni anapolifungua.